Neno la Getini

Mtafiti alikuwa haingii bomani kwa mtu na gari. Akija na pikipiki, alishuka barabarani, akaiacha irudi ilikotoka, halafu akatembea njia yote ya matope hadi mlangoni, hata mvua ya mawe ikiwa inamchapa. Siku moja mkuu wa shule yetu alimpa lifti kutoka mjini Kericho. Kwa kuwa mzee alikuwa anachechemea, mkuu akaona amfikishe hadi kwetu ndani. Mtafiti alishika mlango gari likiwa bado linatembea. "Simamisha hapa, mwalimu. Hapa, hapa! Mimi siingii kwa watu na gari." Mkuu aliniambia baadaye kwamba alidhani mzee anataka kutapika.

Hapa kwetu, nje kidogo ya Kapsoit, tulimwita Mtafiti, basi. Jina alikuwa nalo, na kanisani lilisomwa siku za michango, lakini ukimwulizia kwa jina hilo watu wangekutazama tu. Watoto walimwita Mtafiti. Mkewe alimwita hivyo akiwa amemkasirikia, yaani karibu kila siku. Naye akipiga simu alisema, "Ni mimi, Mtafiti," kama vile dunia nzima ilikuwa na mmoja tu. Alikuwa amestaafu zamani. Kazi ndiyo iliyokataa kustaafu naye.

Kazi yenyewe niliielewa polepole, kwa kuwa aliieleza vipande vipande, kikombe mkononi. Nchi yetu ikienda kukaa mezani na nchi za wanunuzi kujadiliana biashara, bidhaa gani iingie kwao bila ushuru, ipi itozwe, ipi ingoje, inatakiwa mtu awe ametangulia kuuliza: hili likipita, nani ataumia? Kwa upande wa majani chai mtu huyo alikuwa yeye. Alizunguka nchi hii ya chai, Sotik hadi Londiani, akauliza, akaandika, kisha akapanda ndege na maandishi yake hadi chumba cha mazungumzo. "Mtafiti haketi mezani," aliniambia mara nyingi. "Yeye anaketi nyuma ya kiti ya mkubwa. Mkubwa akikwama, anageuza shingo. Hapo ndio unapata nafasi yako, na ni ndogo sana."

Upande wa pili, alisema, walikuja na watafiti wa kujaza basi. Walijua mvua yetu inaanza lini. Walijua ni barabara gani ya Bomet ambayo lori la majani hukwama, na hukwama mwezi gani. "Mtu amekaa huko kwao kwenye baridi, hajawahi kanyaga Kapsoit, lakini anajua matope yetu! Na sisi tuko na mimi, na kompyuta moja inakufa kila saa." Alicheka alipolisema hilo, lakini kicheko hakikufika mbali. Nikimwuliza kwa nini serikali haikuajiri wengine wa kumsaidia, alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali zuri wakati usiofaa.

Baada ya kustaafu aliendelea kuuliza. Hakuna ofisi iliyomtuma, hakuna mazungumzo yaliyomngoja, lakini alipita nyumba kwa nyumba na koti lake la mvua la manjano na gamubuti, akiuliza mbolea ilifika lini, majani yalikataliwa mara ngapi kwenye kituo cha kupimia, nani amekata mahindi apande chai na nani amekata chai apande nyasi za ng'ombe. Watu walichoka naye. Wanawake waliona koti la manjano juu ya ua wa michongoma, wakatoweka ndani ya chai, usione hata kilemba. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwa Mama baada ya ndoa kunishinda, nikifundisha Kiswahili shule ya kutwa, na sikuwa na chai ya kutosha kujifichia.

"Yule wa maswali anakuja," Mama angesema kutoka kwenye kiti chake. "Weka maji mengi. Huyo hanywi kikombe moja."

Hakika hakunywa kimoja. Vikombe alivigawa kwa madaraja. Jibu la kikombe cha kwanza, alisema, ni la mgeni. Kwetu ukisalimiwa "Chamgei," jibu ni "Mising," yaani vizuri sana, hata kama ng'ombe amekufa asubuhi na bado hajachunwa. Baada ya hapo huwezi kumgeukia mtu uliyemwambia uko vizuri sana ukaanza kulia shida. Adabu inakufunga mdomo. Kikombe cha pili ni cha jirani: unalalamika kidogo juu ya mvua, kidogo juu ya watoto. Ukweli unangoja. Ukweli unatoka mgeni akiinuka, mwenye nyumba akavaa leso mabegani, wakatembea pamoja pole pole hadi getini. Pale, mkono wa mgeni ukiwa juu ya ubao wa geti, ndipo mwenye nyumba anapotazama barabarani na kusema, "Lakini hata hivyo..."

"Hapo ndipo utafiti unaanza," Mtafiti alisema. "Yale mengine yote ni chai."

Na ni kweli. Mimi mwenyewe habari kwamba ndoa yangu imevunjika nilimwambia mchungaji getini, baada ya kumwambia ndani kwamba mume wangu anawasalimu. Ndani ya nyumba kuna masikio: watoto, mama mkwe, picha ya marehemu ukutani. Getini kuna njia tu.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na maudhi yake. Alikuwa anamkatiza mtu katikati ya neno, halafu anahubiri juu ya kusikiliza. Alidai kuchukia karatasi, na kweli ripoti zake za zamani mkewe alizitandika chini ya vifaranga, lakini ole wako ushike ile aliyokuwa akiisoma ukiwa na siagi kidoleni. Zile kamba za shingoni ambazo watu wa mikutano huvaa na vitambulisho, alikuwa nazo tele, za rangi zote, na alizifungia ndama. Ukipita kwake ungeona ndama mweusi amevaa jina la mji mkubwa wa ng'ambo, anatafuna nyasi. Redio ikisema habari za biashara alibishana nayo kwa sauti hadi mkewe akaizima. Akishazimiwa, alitoka nje akabishana na ndama.

Kulikuwa pia na pakiti. Aliinunua katika duka kubwa Nairobi, pakiti ya majani chai iliyopakiwa ng'ambo, na picha ya kilima kijani kisichofanana na kilima chochote hapa. Alikuja nayo kwetu, akaiweka mezani mbele ya Mama. Akaifungua, akanusa, akampa Mama anuse. "Hii ni yetu," alisema. "Ilitoka hapa kwa gunia, imerudi na pasipoti." Mama alinusa, akaisukuma kando, akamwambia chai yake inapoa.

Sifa moja hakuwahi kujipa, na ninaitaja kwa sababu wengine hawataitaja. Nilisimuliwa na mwenzake wa ofisi, aliyekuja kumtembelea akapotea njia, akaishia kwetu. Wakati fulani upande wa pili ulitaka kila kikapu cha majani kiwe na cheti cha kuonyesha shamba yalikotoka. Mtafiti aliandika jinsi majani ya kwetu yanavyochumwa kwenye vijishamba vya nyuma ya nyumba, yakachanganyika kituoni kabla jua halijapanda, na kwamba sharti lile lingewafungia mlango wakulima wadogo wote kwa siku moja. Maandishi yake yalisomwa neno kwa neno mezani. Wale wa upande wa pili walilegeza kamba. "Bila yeye," mgeni yule alisema, "nyinyi mngekuwa mnauza mboga." Nilipomwuliza Mtafiti, alisema hakumbuki. Alikumbuka kitu kimoja tu, na hicho hakikumwacha alale.

Wakulima wa upande wetu walikuwa wamejenga banda la kupakia majani chai kwenye pakiti. Lilikuwa banda la mabati tu, na sakafu ya mbao, lakini kwetu lilikuwa kiwanda. Mama alifanya kazi pale, akibandika lebo, na sijamwona akitembea wima kama alivyotembea miaka ile. Shida ilikuwa moja. Majani yetu yakienda ng'ambo kwenye magunia, nchi ile iliyapokea bila ushuru. Yakienda yakiwa tayari kwenye pakiti, yalitozwa ushuru mpaka hakuna duka lililoyataka. Kulikuwa na wanunuzi walioahidi kuagiza pakiti zetu mara ushuru ukiondolewa. Kwa hiyo banda zima liliyangoja yale mazungumzo. Nchi yetu ilitaka pakiti ziingie bure mara moja. Wale walitaka zisubiri kwanza, miaka na miaka. Mtafiti alitumwa kuuliza wakulima: mkingojeshwa, mnaweza kungoja?

Alikuja kwetu na gari la ofisi. Niliona yote kupitia dirisha la jikoni, maana nilikuwa nyumbani likizo. Mama alikuwa kwenye tangi, anaosha mitungi ya maziwa, na gari lilisimama hapo hapo karibu naye. Mtafiti alishuka, suti na viatu vya mjini. Akamsalimu Mama, halafu akarudi dirishani kwa dereva, akamwambia neno, kisha akaingia. Injini iliendelea kunguruma nje muda wote.

Mama alimwekea chai. Mtafiti alieleza swali lake vizuri sana, bila kiburi, kwa lugha ya nyumbani. Mama alimsikiliza, mikono magotini. Kisha akasema, "Tutangoja tu. Sisi tumezoea kungoja." Mtafiti akaandika. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Sotik, na sote tulijua mvua ikishika, barabara ile haipandiki. Mama alichukua leso yake kwenye msumari, akaitupa mabegani, akatoka amsindikize. Alipofika mlangoni Mtafiti alikuwa ameshaingia garini. Alipunga mkono kupitia kioo, gari likageuka, likaondoka. Mama alisimama pale na leso yake mpaka tone la kwanza lilipomwangukia.

Kilichofuata nilikisikia kwake mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara kwa maneno yale yale. Mazungumzo yalikuwa yamekwama. Ilikuwa alasiri, watu wamechoka, vikombe vimejaa mezani. Kila upande ulitakiwa kuachilia kitu. Mkubwa wa ujumbe wetu akageuza shingo. "Hawa watu wako wa pakiti, wanaweza kungoja?" Mtafiti akafungua karatasi yake. "Wanasema wanaweza." Mkubwa akageuka mezani, na pakiti zetu zikawekwa kwenye orodha ya kungoja. Upande wa pili haukubisha hata kidogo. "Ungeona walivyokubali haraka," aliniambia. "Mtu akikubali haraka hivyo, ujue alikuwa amejiandaa kupigana sana, na wewe umemfungulia mlango."

Wanunuzi walioahidi walinunua kwingine. Banda lilifungwa. Kwanza lilikuwa ghala la viazi kutoka Londiani, sasa ni kanisa, na msimu wa mvua, mbao zikilowa, harufu ya majani chai inapanda kutoka sakafuni watu wakiwa wamefumba macho wanaomba. Mtafiti alihamia kanisa hilo. Mkewe hakuelewa, kwa sababu kanisa lao la zamani lilikuwa karibu zaidi na lilikuwa na viti vizuri. Alikaa nyuma kabisa, ukutani, pale ambapo zamani kulikuwa na meza ya lebo. Mimi nimemwona akiinama katikati ya wimbo, akagusa mbao kwa vidole, akavinusa.

"Yule dereva," alikuwa akisema. "Yule dereva na mvua yake! Angezima gari, ningesindikizwa. Mama yako alikuwa amevaa leso, nilimwona kwa kioo. Alikuwa na neno." Alimlaani dereva yule miaka yote. Alimlaani kiasi kwamba mimi nami nilimchukia, mtu ambaye hata sura yake siikumbuki. Na ndiyo sababu, alisema, yeye hakuingia tena kwa mtu na gari. Ukija kwa miguu lazima utoke kwa miguu, na ukitoka kwa miguu hakuna atakayekuacha uende peke yako.

Isipokuwa Mama.

Alikuja kwetu karibu kila wiki. Alikunywa vikombe vyake, akauliza maswali yake, Mama akajibu yote. Hawakuwa na ugomvi. Mama alimcheka, akamtania juu ya ndama wake wa mikutano, akamwekea mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwenye kibuyu apeleke nyumbani. Kisha Mtafiti aliinuka. Alichukua muda kuvaa koti, muda mrefu kuliko koti lile lilivyohitaji, akitazama leso kwenye msumari. Na Mama alibaki kwenye kiti chake pale mlangoni. "Haya, enda salama, baba. Salimia watu wako." Mimi ndiye niliyemsindikiza, na getini hakuwa na la kuniuliza.

Wageni wengine wote Mama aliwasindikiza. Aliwasindikiza wauza sabuni. Aliwasindikiza hata watu wa kura, ambao alikuwa amewaambia ndani kwamba atawapa wote. Nilimwuliza siku moja kwa nini anamfanyia mzee wa watu vile, kwa kuwa ilikuwa inaniuma kumwona akipapasa vifungo.

"Kwani nimemnyima nini? Si amekunywa chai?"

"Mama, unajua anachotaka."

"Ile neno ilikuwa na siku yake," alisema, na akanituma nikaangalie kama kuku wametaga.

Mama alipougua, Mtafiti aliacha nyumba nyingine zote, akawa anakuja kwetu tu. Alikaa kando ya kitanda, kofia juu ya goti. Alimsomea habari za gazeti akizibishia. Sasa Mama hangeweza kumsindikiza mtu hata angetaka, na nadhani hilo lilimtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe, maana aliona geti linafungwa. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile ulikuwa unataka kuniambia nini?" Hakuwahi kuuliza waziwazi hivyo. Nilisimama na mwiko mkononi.

"Siku gani?" Mama alisema.

"Siku ya gari."

"Nilikuwa nataka kukuambia uende salama," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja."

Lilikuwa jibu la kikombe cha kwanza, na wote watatu tulijua. Mama alifariki kabla ya mvua ndefu. Siku ya mazishi, watu walipokwisha kula na kuondoka, Mtafiti alikuwa bado amesimama getini, mkono juu ya ubao, koti la manjano limefungwa hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa linawaka. Sikuwa na nguvu za kumwuliza anangoja nini. Nilijua anangoja nini.

Baada ya hapo hakuja tena. Mimi nilitegemea kupumzika, nikajikuta ninatazama ua wa michongoma kila jioni nikitafuta kitu cha manjano. Mwaka huu redio ikatangaza kuna mazungumzo mapya ya biashara, na majani chai yamo. Siku chache baadaye nikapigiwa simu na sauti ya mashine: kama wewe ni mkulima wa chai na umeridhika, bonyeza moja. Nilibonyeza moja, nikarudi kuchuma. Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa tatu nilipogundua nilichokifanya, nikacheka peke yangu, halafu sikucheka. Nikaosha miguu, nikaenda kwake.

Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye jua la ukutani, blanketi magotini, na ndama wenye kamba za rangi hawakuwepo tena. Mkewe aliniambia kwa macho nisikae sana.

"Chamgei, baba."

"Mising," alisema. "Mising kabisa."

Nilikunywa kikombe cha kwanza. Nikanywa cha pili. Nilimwambia juu ya ile simu, akacheka hadi akakohoa. Aliniambia vijana wa ofisini walimwomba awaandikie ushauri kidogo, lakini hajaandika. "Niwaambie nini? Waende kwa miguu? Watasema mzee amechanganyikiwa." Nikamwomba kikombe cha tatu, nikakinywa taratibu, kisha nikainuka.

Aliinuka pia.

"Kaa, baba, njia inateleza."

"Wewe ni mgeni," alisema. Mkewe alifoka kutoka ndani, naye akajifanya hasikii. Alishika fimbo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, tukaenda. Ilichukua muda. Alipumzika kwenye kisiki, akapumzika tena kwenye tangi lao la maji. Nilikuwa ninafikiri atanirudishia lile swali, Mama alitaka kusema nini, na nilikuwa nimeanza kumtungia jibu zuri, jibu la kumpunguzia. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshalipata.

Getini alibandika mkono juu ya ubao, akatazama barabara.

"Lakini hata hivyo," alisema.

Nilingoja.

"Yule dereva hakuwa na haraka. Mimi ndiye nilimwambia asizime gari."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea kuongea na barabara. "Ofisini walikuwa wameshaamua. Hizo pakiti zilikuwa zimeachwa kitambo, ili tupewe kitu kingine. Mimi nilitumwa kuleta sauti ya mkulima ya kuweka juu, isemekane tuliuliza. Nami ni mtu wa hapa. Nilijua nikitembea na mama yako mpaka geti, ataniambia hawawezi kungoja. Akishaniambia, lazima niandike. Nikiandika, sina kazi. Basi nilimwambia dereva, 'Usizime, nikitoka tu tunaenda.' Nikasema kwa Kikipsigis, lugha yetu, kwa sababu dereva alikuwa wa kwetu."

"Alitaka kukuambia hawawezi kungoja," nilisema.

"Hiyo nilijua. Mimi sikuwa nauliza hiyo miaka yote. Nilikuwa nauliza kama alinisikia."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika sana. Niliona banda, niliona Mama akitembea wima, nikafungua geti, nikatoka, nikalifunga nyuma yangu na kumwacha upande wa ndani. Nilitembea kipande. Nilipogeuka alikuwa pale pale, na nikaona kwamba hawezi kurudi peke yake. Hakuwa ameniita. Nikarudi, nikamshika kwapani, nikamsindikiza hadi kwenye kiti chake, tukipumzika tangini, tukipumzika kisikini. Mkewe akauliza tulikuwa tunaenda Kericho ama wapi. Niliaga, nikaondoka peke yangu.

Nyumbani nilikaa kwenye kiti cha Mama, kile cha mlangoni. Ukikaa pale unaona tangi lote, na mahali gari liliposimama. Kati ya hapo na mahali alipokuwa ameinama na mitungi yake hakuna hata nafasi ya ng'ombe kupita. Alimsikia kila neno. Alimsikia kabla hata sijawasha moto, akafuta mikono, akaingia akamchemshia chai. Kisha akavaa leso atoke kumsindikiza, ili kama Mtafiti angebadili nia apate mtu wa kutembea naye.